Dawa ya Shamba Haina Kazi Kitandani: kweli na si kweli kuhusu kupuliza wadudu nyumbani

Songea ni mji wa mahindi. Msimu wa mavuno ukifika, magunia huja kwa baiskeli, bodaboda na fuso kutoka Madaba, Namtumbo na vijiji vya upande wa Peramiho, na mengi huishia ndani ya nyumba za watu: sebuleni, kwenye korido, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Pamoja na mahindi huingia dawa zake. Bomba la kupulizia linaegeshwa nyuma ya mlango, chupa ya dawa iliyobaki baada ya kupuliza nyanya inawekwa juu ya kabati, na siku kunguni wanapoanza kuuma, mkono unakwenda kwa kilicho karibu.

Hapo naona hatari kubwa kuliko ya kunguni wenyewe. Nimekusanya hapa maneno yanayosemwa kila siku kuanzia Lizaboni hadi Mshangano, sokoni na kwenye maduka ya pembejeo, nikayapima moja moja. Mengine ni ya kweli kabisa. Mengine ni kweli nusu, na hayo ndiyo magumu kuyang'oa.

"Dawa ya shambani ni kali zaidi, kwa hiyo ndiyo ya kunguni."

Si kweli, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu neno hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi.

Dawa ya shambani imetengenezwa kwa ajili ya mahali penye jua, mvua na upepo. Hivyo vitatu huivunja kidogo kidogo, na ndiyo maana lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Chumbani hakuna jua wala mvua, na upepo ni ule wa dirisha linalofungwa mapema kwa kuogopa baridi. Sumu ambayo shambani ingepungua ndani ya siku chache hubaki kwenye sponji ya godoro, kwenye mbao za kitanda na kwenye mkeka kwa wiki nyingi, pengine miezi. Juu yake analala mtu usiku kucha. Kama ni mtoto anayetambaa, sakafu anaishika kwa viganja, na viganja anavitia mdomoni.

Liko kundi la dawa liitwalo oganofosfeti. Klopairifosi na profenofosi, zinazofahamika sana kwa wakulima, zimo humo. Kundi hili humuua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye msuli. Kimeng'enya hichohicho anacho binadamu. Kikizuiwa, jasho na mate humtoka mtu bila kukoma, mboni za macho husinyaa, kifua hubana, misuli hutetemeka, na dozi ikiwa kubwa pumzi hukatika. Dozi ikiwa ndogo, mtu huamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, akaenda kununua dawa ya malaria.

Na kunguni je, wanakwisha? Dawa nyingi za shambani za bei nafuu ni za jamii ya pairethroidi, yaani ndugu wa maabara wa sumu ya ua la pareto. Makopo ya kupuliza yanayouzwa madukani yana pairethroidi pia. Kwa hiyo kunguni aliyekwisha kulizoea kopo hashangazwi na bomba. Tanzania imeliona hili mapema. Mkoani Tanga, vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye dawa viliona kunguni wakitoweka, na watu walifurahi. Baada ya miaka kadhaa wakarudi. Watafiti waliowapima walichapisha matokeo mwaka 2002: kunguni wale walikuwa wamejenga usugu dhidi ya pairethroidi. Wale dhaifu walikufa, wale wachache wenye kinga wakazaa, na watoto wao ndio waliojaa vitandani. Kuongeza kipimo mara mbili hakubadilishi mwendo huo. Kunauharakisha, na anayeongezewa sumu kwa hakika ni aliyelala.

"Anika godoro juani, kunguni watakufa."

Kweli nusu. Joto ndilo adui mkubwa wa kunguni. Likifikia nyuzi 50 na kudumu kwa muda, hufa wakubwa, wadogo na mayai pamoja. Lakini jua la Songea, mji ulio juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, halifikishi joto hilo ndani ya godoro la sponji, na mwezi wa Juni au Julai usijaribu hata kulitegemea. Tena kunguni wengi hawakai kwenye godoro. Wako kwenye viungo vya kitanda, nyuma ya fremu ya picha, kwenye ufa wa ukuta wa tofali la kuchoma ambao haujapigwa lipu.

Kinachofanya kazi kinachosha, lakini ni bure. Fungua kitanda chote, chaga na miguu. Mwagia viungo maji yanayochemka. Chemsha mashuka, au yaloweke kwenye maji ya moto sana. Ziba nyufa kwa saruji au kwa udongo. Kisha rudia kazi yote baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa mayai uliyoyakosa mara ya kwanza yatakuwa yameanguliwa na watoto bado hawajaanza kutaga. Watu hushindwa kwenye hiyo mara ya pili. Wanalala siku tano kwa amani, wanaona wamemaliza. Kuhama chumba nako hakusaidii, maana kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula akimsubiri mwenyeji.

Wanaosema kunguni huambukiza UKIMWI waambiwe kwamba si kweli. Wala mbu hawauambukizi.

"Vidonge vya ghalani ukiviweka chumbani na kufunga mlango, wadudu wote wanakwisha."

Wadudu wanaweza kwisha, na watu pia. Vidonge hivi ni aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga mwilini. Hospitalini madaktari hubaki kuutegemeza moyo na mapafu na kusubiri. Maghala makubwa ya nafaka huitumia chini ya maturubai yaliyozibwa kando zote, kwa watu waliofunzwa na wenye vifaa vya kupima hewa. Nyumba ya kupanga haizibiki hivyo. Dari za nyumba zetu nyingi zimeungana, au hazipo kabisa, na ukuta kati ya chumba na chumba huishia kabla ya bati. Unaweka kidonge chumbani kwako, gesi inakwenda kwa jirani aliyelala na mtoto. Kule Falme za Kiarabu watoto wamekufa kwa vidonge vilivyowekwa nyumba ya jirani. Kwa jambo hili sina maneno ya kati na kati: kidonge cha ghalani kisiingie katika nyumba wanamolala watu, kwa kunguni, kwa panya wala kwa kitu kingine chochote.

"Mahindi yaliyotiwa dawa hayaliki."

Inategemea ni dawa gani. Dumuzi, ambaye wakulima walimbatiza Scania kwa namna anavyolisaga gunia, si mwenyeji wa Afrika. Ametoka Amerika ya Kati, na hapa kwetu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dawa ya unga iliyotengenezwa kupambana naye ina sumu mbili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi mwenyewe. Ikichanganywa kwa kipimo cha kwenye pakiti, na muda wa kusubiri ukaheshimiwa, mahindi hayo huliwa.

Balaa ni pale mtu anapochukua dawa ya maji, ile ya kupulizia mahindi yakiwa shambani, akayanyunyizia ya gunia. Hiyo haikupimwa kwa chakula kilichokauka na kuhifadhiwa, na kuosha hakuiondoi yote. Mwenye uwezo wa kununua mifuko isiyopitisha hewa aachane na dawa kabisa. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, wadudu huimaliza hewa yao wenyewe na kufa. Sharti ni mahindi yakauke sawasawa, na mfuko usifunguliwe kila wiki kwa kuchungulia.

"Ikinuka sana ndiyo kali."

Si kweli. Unachonusa mara nyingi ni kiyeyushio au manukato. Zipo sumu kali ambazo pua haizijui.

"Nikipuliza chumba jioni, chandarua cha nini?"

Dawa ya kopo humwangusha mbu aliyemo chumbani dakika ile. Haimzuii atakayeingia saa nane usiku kupitia uwazi wa kati ya ukuta na bati, na mbu wa malaria hupenda saa hizo hasa, watu wakiwa wamezama usingizini. Watu huchanganya kopo na ule upuliziaji wa dawa ukoko kwenye kuta, ulioanza Zanzibar mwaka 2006 na Kagera mwaka 2007. Ule ni kazi nyingine. Dawa yake hushika ukutani kwa miezi, hupulizwa na watu waliovaa vifaa kamili, na huchaguliwa baada ya mbu wa eneo hilo kupimwa usugu.

Ruvuma tuna bahati ya aina yake katika habari ya vyandarua. Mpango wa kuvigawa kupitia shule za msingi na sekondari ulianzia hapa kusini, mwaka 2013, katika mikoa ya Ruvuma, Lindi na Mtwara, kabla ya kwenda kwingine. Chandarua ambacho mwanao alikileta kutoka shuleni, hata dawa yake ikipungua nguvu, bado ni ukuta wa nyuzi kati yake na mbu. Kopo tupu halimkingi mtu.

Na koili? Moshi wake humfukuza mbu, hilo ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili za kawaida na kukuta kwamba moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Katika chumba kilichofungwa kwa baridi ya Juni, pamoja na mtoto mwenye kifua, mimi nisingeiwasha.

Mbu hupunguzwa kwa mafanikio zaidi akiwa bado kiluwiluwi. Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015, hutengeneza dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi kwenye madimbwi. Mashimo ya kufyatulia tofali pembezoni mwa mji, yanayojaa maji tangu Desemba, ndiyo mahali pake. Huko halmashauri na serikali za mitaa zingepunguza mbu wengi kuliko makopo yote tunayonunua.

"Nilipuliza usiku, asubuhi nikazoa mende ukutani mpaka mlangoni. Wamekwisha."

Si kweli. Umezoa waliokuwa matembezini. Mende mdogo wa jikoni, yule wa rangi ya kahawia hafifu, hubeba mayai yake 30 hadi 40 ndani ya kifuko kigumu ambacho dawa ya kupuliza haikipenyi vizuri. Mama anakufa, mayai yaliyokaribia wakati wake yanaanguliwa. Tena pairethroidi huwawasha mende, kwa hiyo wanaobaki hukimbilia ndani zaidi, nyuma ya friji, ndani ya redio, mpaka chumba cha jirani.

Chambo cha jeli kinachowekwa matone madogo madogo kwenye nyufa humwinda mende nyumbani kwake. Anakula, anarudi, anafia huko, na wenzake wanaomla nao wanapata sehemu yao. Lakini ukishaweka chambo, usipulize juu yake. Unakuwa umewafukuza wageni uliowaalika. Usiku funika maji na chakula, futa mafuta pembeni ya jiko, rekebisha bomba linalovuja. Mende huvumilia njaa kuliko kiu.

Kuhusu chaki ya mende, naomba wazazi wanisikilize. Ina sumu ya jamii ileile ya pairethroidi, lakini imefinyangwa ikafanana na chaki ya mwalimu. Mtoto anayeijua chaki kutoka shuleni ataichukua achore nayo, au aitie mdomoni. Mimi singeiruhusu kuuzwa.

"Kopo la dawa linaweza kulipuka."

Kweli. Kinachoisukuma dawa kutoka ndani ya kopo kwa kawaida ni gesi ya jamii moja na ile ya mtungi wa kupikia. Ukipuliza karibu na jiko la mkaa, kibatari au mshumaa, unatupa gesi kwenye moto. Kopo lililokwisha nalo lisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa. Wanaonyunyizia mafuta ya taa au petroli kwenye kitanda cha kunguni wako katika hatari hiyohiyo, tena wanailalia.

"Ukishapuliza, kunywa maziwa yaondoe sumu."

Si kweli, ingawa mafundi wa rangi, wapuliziaji na wachimbaji wengi wanaiapia. Sumu ya dawa hizi huingia zaidi kupitia ngozi na pumzi. Maziwa yanakwenda tumboni, na huko hayakutani nayo. Ubaya wake ni kwamba mtu akishayanywa hujiona amejitibu, akachelewa.

Dawa ikikumwagikia, vua nguo zote zilizolowa, oga kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu dawa zenye mafuta zikirudi juu huingia kwenye mapafu. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Peramiho kama uko upande huo, na uende na chupa au pakiti yenyewe. Kwa oganofosfeti iko dawa ya kuokoa, atropini, lakini daktari ataianza haraka zaidi akisoma jina kwenye lebo kuliko akisikia "ilikuwa ya maji, nyeupe hivi".

"Ya asili haina madhara."

Si kweli. Pareto ni ya asili kabisa. Inalimwa kwa majirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini na kusindikwa Mafinga, na kweli huvunjika upesi ikipigwa na jua. Lakini humuua samaki kwa kiasi kidogo mno. Utupa ni wa asili, na kila aliyekulia karibu na mto anajua unavyowalevya samaki. Tumbaku inayolimwa Namtumbo, ikichemshwa ikawa dawa ya kunyunyizia, hutoa nikotini inayopita kwenye ngozi, na mtu mzima anaweza kutapika na kuzimia kwa kuishika tu ikiwa mbichi.

Kwa kuwa nimetaja samaki, naongeza la bomba la kupulizia. Usilisuuzie mferejini. Maji ya mji huu yanatoka Matogoro, ambako Mto Ruvuma nao unaanzia, na vijito vyote vya hapa vinateremka kwenda kwa watu wengine wanaochota.

"Kila mdudu anayeingia ndani apulizwe."

Si kweli. Siafu wakipita, toa mtoto, kuku na mbwa, uwaachie nyumba kwa saa chache. Wataondoka na mende, viroboto na vitoto vya panya wamekwisha waliwa. Kumbikumbi wanaojaa kwenye taa ya baraza mvua za kwanza zinaponyesha ni kitoweo. Ukipuliza hapo, watoto watawaokota asubuhi na kuwakaanga na sumu yao. Mjusi wa ukutani mwache aendelee na kazi.

"Dawa ya kupima ni ileile, tofauti ni bei."

Haya ndiyo maneno ya kwenye duka: chupa ya maji ya kunywa, imetiwa dawa robo, kifuniko cha bluu, na maelezo ya mdomo. "Mama, hii puliza mara moja tu, kunguni kwaheri." Huenda ni ileile, huenda imeongezwa maji, huenda ni nyingine kabisa. Kilichopotea ni lebo, na bila lebo hujui kipimo, hujui muda wa kusubiri kabla ya kuingia chumbani, na daktari hatakuwa na cha kusoma. Juu ya hayo umeingiza nyumbani chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ni ya maji.

Sheria inataka kila kiuatilifu kiwe kimesajiliwa, na kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ya Arusha. Kwa hiyo dukani omba uoneshwe kifungashio halisi, kilichofungwa, chenye namba ya usajili na maelezo ya Kiswahili. Angalia kama imeandikwa kuwa ni ya matumizi ya nyumbani. Kisha tazama utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Yenye utepe mwekundu au wa njano usiibebe kwenda chumbani, muuzaji aseme atakavyosema. Kama hana cha kukuonyesha zaidi ya chupa ya maji yenye kifuniko cha bluu, nenda duka la pili.